Percy Lavon Julian

Percy Lavon Julian (Montgomery, Alabama, 11 Aprili 1899 – Waukegan, Illinois, 19 Aprili 1975) alikuwa mwanakemia wa Marekani aliyejulikana hasa kwa kutengeneza dawa kutokana na kampaundi za mimea. Mwaka 1935 yeye na mwenzake Josef Pikl, kutoka Austria, walikamilisha usanisi wa fisostigmini. Hiyo ni alkaloidi ya mharagwe wa Calabar wa Afrika ya Magharibi. Hufanya kazi kwenye neva na ilitumika kulinda macho ya wagonjwa wa glakoma. Baadaye Julian alionyesha namna ya kutengeneza homoni kwa wingi kutokana na mafuta ya soya.

Julian alikuwa mjukuu wa mtumwa. Alifanya kazi zake katika nchi ambayo sheria na desturi za ubaguzi wa rangi zilimfungia milango mingi ya vyuo na viwanda. Mwaka 1973 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, akiwa mwanakemia Mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Familia na utoto

Julian alizaliwa mjini Montgomery, kusini mwa Marekani, akiwa mtoto wa kwanza kati ya sita. Baba yake, James Sumner Julian, alikuwa karani wa barua katika treni za posta. Mama yake, Elizabeth Lena Adams, alikuwa mwalimu wa shule. Kufuatana na simulizi la familia, babu yake alikatwa vidole viwili wakati wa utumwa kama adhabu ya kujifunza kusoma na kuandika. Wazazi wake waliithamini elimu kuliko mali, na watoto wote sita walifika chuo kikuu: wavulana wawili waliomfuata Percy wakawa madaktari, na wasichana watatu wakapata shahada za uzamili.

Wakati huo mji wa Montgomery haukuwa na shule ya sekondari ya serikali kwa watoto Weusi. Julian alisoma katika chuo cha ualimu cha Weusi, ambako masomo ya sayansi yalikuwa machache, na hakuwa na maandalizi kamili ya kuingia chuo kikuu.

Masomo

Mwaka 1916 Julian alipokewa na Chuo Kikuu cha DePauw katika mji mdogo wa Greencastle, Indiana. Aliingia kwa masharti: pamoja na masomo ya chuo kikuu, alipaswa kusoma pia masomo ya sekondari aliyoyakosa. Hakuruhusiwa kulala katika mabweni ya chuo. Nyumba ya kwanza aliyopanga ilikataa kumpa chakula, na zilipita siku kadhaa kabla ya kupata mahali pa kula. Baadaye alipata kazi katika nyumba ya chama cha wanafunzi Wazungu. Alihudumu mezani, akachochea moto wa tanuri la kupasha nyumba joto, na kulala chumba cha darini.

Mwaka 1920 alihitimu akiwa wa kwanza katika darasa lake. Hata hivyo vyuo vikubwa havikumfungulia milango ya uzamivu, kwa hoja kwamba Mweusi mwenye shahada hiyo asingepata kazi. Alikwenda kufundisha kemia katika Chuo Kikuu cha Fisk, chuo cha Weusi huko Nashville, kwa miaka miwili. Kisha alipata ufadhili wa kusoma Harvard, na mwaka 1923 alitunukiwa shahada ya uzamili. Harvard ilimnyima nafasi ya kufundisha ambayo ingemwezesha kuendelea hadi uzamivu, kwa hofu kwamba wanafunzi Wazungu wasingekubali kufundishwa na mtu Mweusi. Baada ya hapo alifundisha West Virginia na kisha Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington.

Miaka ya Vienna

Mwaka 1929 Julian alipata ufadhili wa taasisi ya Rockefeller, akaenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Vienna, Austria. Msimamizi wake alikuwa Ernst Späth, mmoja wa mabingwa wa kemia ya alkaloidi katika Ulaya ya wakati huo. Alkaloidi ni kampaundi zenye nitrojeni zinazotengenezwa na mimea, na nyingi kati yake hufanya kazi kwa nguvu katika mwili wa binadamu: kafeini ya kahawa, nikotini ya tumbaku, kwinini ya mti wa mkwinini na mofini ya afyuni zote ni alkaloidi.

Julian alichunguza alkaloidi za mmea wa Ulaya uitwao kwa Kilatini Corydalis cava, ambao watu waliutumia tangu zamani kama dawa. Mwaka 1931 alipata shahada ya uzamivu, akawa mmoja wa Wamarekani Weusi wa kwanza kuipata katika kemia. Huko Vienna alijifunza Kijerumani vizuri, lugha iliyomfaa sana baadaye, na aliishi katika jamii iliyompokea kwa namna ambayo hakuwahi kuiona nyumbani kwake.

Alirudi Howard pamoja na Josef Pikl, aliyekuwa mwanafunzi mwenzake. Kazi yao hapo haikudumu. Mwaka 1932, baada ya mgogoro uliohusu mambo ya chuo na maisha yake binafsi, na baada ya barua alizoandika kutoka Vienna kuchapishwa gazetini, Julian alilazimika kujiuzulu. Aliyemwokoa ni William Blanchard, mwalimu wake wa zamani wa DePauw, ambaye alimwita arudi Greencastle kama mtafiti. Pikl alifuatana naye.

Mharagwe wa Calabar

Mmea aliouchagua Julian kwa utafiti wake wa DePauw hutoka kusini-mashariki mwa Nigeria. Ni mtambaazi wa jamii ya kunde uitwao Physostigma venenosum. Mbegu zake ni za rangi ya kahawia na zina sumu kali. Wafiki wa Calabar waliziita esere, na walizitumia kama sumu ya kiapo. Mtu aliyeshtakiwa kwa uchawi au kosa kubwa alinyweshwa maji ya mbegu hizo: akitapika akapona, alihesabiwa hana hatia, akifa, kifo chake kilichukuliwa kuwa hukumu. Desturi hiyo inafanana na ile ya mwavi katika sehemu za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Imeelezwa kwamba aliyejiamini alikunywa upesi, na kipimo kikubwa kilichoingia kwa ghafla kilimtapisha, lakini aliyeogopa alikunywa polepole na sumu ikaingia mwilini.

Katikati ya karne ya 19 mbegu hizo zilifika Edinburgh, Uskoti. Daktari Robert Christison alijaribu sumu yake kwa kumeza kiasi kidogo, akaugua vibaya. Mwaka 1863 Thomas Fraser na Douglas Argyll Robertson walionyesha kwamba dondoo la mharagwe huo hupunguza mboni ya jicho. Mwaka 1864 wanakemia Wajerumani Jobst na Hesse walitenga alkaloidi yenyewe, wakaiita fisostigmini. Inaitwa pia eserini, kutokana na lile neno la Kiefik. Katika miaka ya 1870 daktari Ludwig Laqueur alianza kuitumia dhidi ya glakoma.

Utendaji wa fisostigmini ulieleweka baadaye. Neva nyingi hupeleka ujumbe kwenye misuli, tezi na neva nyingine kwa kutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Ujumbe ukishafika, kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi huivunja asetilikolini mara moja, ili neva iwe tayari kwa ujumbe mwingine. Fisostigmini hukizuia kimeng'enya hicho kwa muda, hivyo asetilikolini hukaa zaidi na ujumbe huwa na nguvu. Kipimo kidogo kinaweza kutibu. Kipimo kikubwa hujaza mwili asetilikolini hadi misuli ya kupumua inashindwa na moyo kudhoofika. Kwa hiyo dawa na sumu ya kiapo ni kitu kimoja, na tofauti yake ni kipimo.

Katika jicho, dawa hiyo hukaza misuli midogo na kurahisisha maji ya ndani kutoka, na kwa njia hiyo presha ya jicho hushuka. Presha hiyo ikiachwa juu huua polepole neva inayounganisha jicho na ubongo, na upofu wake haurudi nyuma.

Usanisi wa fisostigmini

Muundo wa molekuli ya fisostigmini ulipendekezwa mwaka 1925 na Stedman na Barger huko Uingereza. Ulibaki mtihani mkubwa: kuijenga molekuli hiyo hatua kwa hatua maabarani kuanzia kemikali sahili. Anayefaulu kufanya hivyo huthibitisha muundo wenyewe, na pia huwafungulia wengine njia ya kutengeneza molekuli zinazofanana nayo zenye sifa bora.

Mshindani wao alikuwa Robert Robinson wa Oxford, mmoja wa wanakemia mashuhuri kuliko wote duniani, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel. Robinson alikuwa ameshachapisha makala kadhaa kuhusu njia ya kufika fisostigmini, na alidai kwamba amepata eseretholi, kampaundi iliyo karibu kabisa na mwisho wa safari hiyo. Julian na Pikl, katika maabara ndogo ya chuo cha mji mdogo, walipata eseretholi kwa njia yao wenyewe, lakini sifa zake hazikulingana na zile alizoziandika Robinson. Ilikuwa lazima mmoja kati yao awe amekosea.

Hatari ilikuwa kubwa kwa Julian. Hakuwa na cheo cha kudumu, alikuwa amefukuzwa na kashfa kutoka Howard, na kumpinga Robinson kimakosa kungemaliza jina lake katika kemia. Hata hivyo alichapisha madai yake waziwazi katika jarida la Chama cha Kemia cha Marekani, akisema kwamba kampaundi ya Oxford si eseretholi. Uthibitisho ulitegemea jambo sahili ambalo hata mwanafunzi wa sekondari hulifahamu: dutu safi ina kiwango chake maalumu cha kuyeyuka. Walipolinganisha fuwele walizozitengeneza na zile zilizotoka katika mharagwe wenyewe, viwango vyao vya kuyeyuka vilikuwa sawa. Mwaka 1935 usanisi ulikamilika, na ikaonekana kwamba aliyekosea ni Robinson.

Mafanikio hayo hayakumpa Julian kiti cha uprofesa. Uongozi wa DePauw ulikataa kumteua kwa sababu ya rangi yake. Kampuni ya DuPont ilimpa Pikl kazi lakini ikamkataa Julian. Taasisi ya kemia ya karatasi ya Appleton, Wisconsin, ilitaka kumwajiri, lakini mji huo ulikuwa na sheria ya kuwazuia Weusi kulala humo usiku.

Soya na homoni

Wakati wa kazi ya mharagwe wa Calabar, Julian aliona fuwele nyeupe za kampaundi nyingine, stigmasteroli. Alifahamu kwamba stigmasteroli inaweza kugeuzwa kuwa homoni za binadamu, na kwamba hupatikana pia katika mafuta ya soya. Aliiandikia kampuni ya Glidden ya Chicago kuomba mafuta ya majaribio. Makamu wa rais wa kampuni, W. J. O'Brien, alimjibu kwa kumpa kazi: mwaka 1936 Julian akawa mkurugenzi wa utafiti wa kitengo cha soya. Glidden ilikuwa imenunua mtambo wa kukamua soya kutoka Ujerumani, na mkurugenzi anayejua Kijerumani alihitajika.

Tarehe 24 Desemba 1935 Julian alikuwa amemwoa Anna Roselle Johnson. Mwaka 1937 Anna alipata uzamivu wa sosholojia, akiwa mwanamke Mweusi wa kwanza wa Marekani kuupata katika fani hiyo. Walijaliwa watoto wawili, Percy na Faith.

Siku moja maji yalivuja katika tangi kubwa la mafuta ya soya kiwandani, na tabaka jeupe likajitokeza. Wengine waliona hasara. Julian alitambua kwamba ni stigmasteroli iliyojitenga. Kutokana na ajali hiyo alibuni njia ya kuipata kwa wingi, na kuanzia mwaka 1940 Glidden iliweza kuuza projesteroni, homoni inayosaidia kulinda mimba, ambayo kabla ya hapo ilikuwa adimu na ghali sana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, protini ya soya kutoka kitengo chake ilitumika kutengeneza povu la kuzima moto wa mafuta katika meli za kivita.

Mwaka 1949 madaktari wa Kliniki ya Mayo walitangaza kwamba kotisoni inatuliza maumivu ya baridi yabisi. Julian alipata njia ya kutengeneza kwa bei nafuu kampaundi iliyo karibu nayo, iliyoitwa Dutu S. Mara nyingi husemwa kwamba Julian aligundua kotisoni, lakini sivyo. Mchango wake ulikuwa malighafi: baada ya kampuni ya Upjohn kupata njia ya kuongeza oksijeni katika molekuli kwa kutumia kuvu, Dutu S ikawa hatua muhimu ya kutengeneza hidrokotisoni.

Mashambulizi ya Oak Park

Mwaka 1950 gazeti la Chicago Sun-Times lilimtaja Julian kuwa mwananchi bora wa Chicago wa mwaka. Mwaka huohuo alinunua nyumba Oak Park, kitongoji cha Wazungu. Kabla familia haijahamia, siku ya sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba, watu wasiojulikana walijaribu kuichoma nyumba hiyo moto. Familia ilihamia hata hivyo. Mwezi Juni 1951 baruti ilirushwa kutoka ndani ya gari na kulipuka nje ya chumba cha watoto. Hakuna aliyejeruhiwa.

Julian hakuhama. Aliweka walinzi, na nyakati nyingine yeye mwenyewe alikesha bustanini na bunduki pamoja na mwanawe. Majirani wengi walijitokeza kumuunga mkono. Tangu hapo alijitolea zaidi katika harakati za haki za raia. Mwaka 1967 aliongoza, pamoja na Asa Spaulding, kundi la wafanyabiashara Weusi lililochangisha fedha kwa ajili ya kesi za kupinga ubaguzi.

Kampuni yake

Mwaka 1953 Julian alianzisha kampuni yake, Julian Laboratories, huko Franklin Park karibu na Chicago, akaajiri wanakemia wengi Weusi waliokosa nafasi kwingine. Malighafi mpya ya homoni wakati huo ilikuwa kiazi kikuu cha mwituni cha Meksiko. Julian alijenga kiwanda huko lakini akanyimwa kibali cha kuvuna viazi hivyo, na karibu afilisike. Alinusurika baada ya kupata viazi vya aina hiyo Guatemala. Mwaka 1961 aliiuza kampuni kwa Smith, Kline & French kwa zaidi ya dola milioni 2, akawa mmoja wa Weusi matajiri wa nchi hiyo. Mwaka 1964 alianzisha taasisi ndogo ya utafiti na kuendelea na kemia hadi mwisho.

Kifo na kumbukumbu

Julian alifariki tarehe 19 Aprili 1975 kwa saratani ya ini, siku 8 baada ya kutimiza miaka 76. Aliacha hataza zaidi ya 100. Mwaka 1993 posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha yake. Mwaka 1999 Chama cha Kemia cha Marekani kilitangaza usanisi wa fisostigmini kuwa tukio la kihistoria la kitaifa. DePauw, kilichomnyima uprofesa, kina jengo la sayansi na hisabati lenye jina lake, na huko Oak Park, ambako nyumba yake ilishambuliwa, shule ya watoto inaitwa Percy Julian.

Urithi katika tiba ya neva na ubongo

Usanisi wa Julian haukuiondoa mbegu ya Calabar sokoni, kwa kuwa kuitoa dawa katika mmea kulibaki rahisi. Thamani yake ilikuwa kuhakikisha muundo wa molekuli bila shaka yoyote. Tayari wanakemia walikuwa wameanza kuunda dawa za mfano wake, kama neostigmini, ambayo hadi leo hutumika hospitalini kurudisha nguvu ya misuli baada ya upasuaji. Mwaka 1934 daktari Mary Walker wa London alikuwa ameonyesha kwamba fisostigmini huwarudishia nguvu kwa muda wagonjwa wa miasthenia, maradhi ya kulegea kwa misuli, na neostigmini ikafuata kwa kazi hiyohiyo. Fisostigmini yenyewe hutumika pia kama dawa ya kupinga sumu ya atropini katika ubongo.

Wagonjwa wa Alzheimer hupungukiwa asetilikolini katika ubongo, kwa hiyo fisostigmini ilijaribiwa kwao pia. Ilionekana kwamba nguvu yake huisha upesi mno na madhara yake ni mengi. Kwa kufuata mfano wa molekuli yake ilitengenezwa rivastigmini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2000. Rivastigmini haiponyi ugonjwa wala haizuii chembe za ubongo kufa. Husaidia tu kumbukumbu na shughuli za kila siku kwa muda kwa baadhi ya wagonjwa.

Projesteroni nayo ilichunguzwa kama kinga ya ubongo baada ya majeraha ya kichwa. Majaribio ya wanyama yalitia moyo, lakini majaribio mawili makubwa kwa binadamu, yaliyochapishwa mwaka 2014, hayakuonyesha faida. Mharagwe wa Calabar wenyewe unabaki sumu, na hautumiki kama dawa ya nyumbani.